Juzuu 30 za mkononi: nilichokipata kati ya sala na sala

Naandika haya Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, ikiwa bado changa, kabla sijasahau. Kabla ya Ramadhani niliagiza msahafu, yaani Qur'ani, uliogawanywa juzuu (sehemu) 30, kila juzuu kijitabu chake, vyote ndani ya kasha moja gumu lenye mpini. Nimeutumia mwezi mzima: nyumbani, kazini, ndani ya gari, na kwenye benchi la kusubiri daktari nilipompeleka mama kliniki. Nina mengi mazuri ya kusema juu yake, na nina malalamiko pia.

Kwanza nieleze nilikuwa wapi kabla ya kuununua. Kazi yangu ni ya kukaa ofisini tangu asubuhi hadi karibu na Alasiri. Nina watoto wawili, na mama yangu anaishi nami. Kila Ramadhani natia nia ya kukhitimu, yaani kuisoma Qur'ani nzima, na kila Ramadhani naishia juzuu ya 8 au ya 9. Kosa langu nimelijua mwaka huu. Nilikuwa nimeitengea Qur'ani saa moja kubwa, usiku, baada ya tarawehe, zile sala za usiku wa Ramadhani, nyumba ikishatulia, na saa hiyo haikuwahi kufika ikiwa nzima. Mara mtoto ana homa, mara vyombo, mara nimeegemea ukuta usingizi ukanichukua msahafu uko mapajani. Na mchana nao ulikuwa unanipita vipande vipande: dakika 20 baada ya Adhuhuri, nusu saa kabla ya Magharibi, robo saa ya kumsubiri mtu. Vipande vyote hivyo nilivitia kwenye simu. Tumbo lilikuwa limefunga; macho na kidole gumba havikuwa vimefunga.

Dada mmoja tunayesali safu moja ndiye aliyenitoa huko. Aliniambia, "Usihangaike kuutafuta wakati wa Qur'ani. Sala zimeshakukatia siku mafungu matano. Kila fungu litilie kurasa nne." Hesabu yake wengi mnaijua, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuiweka kwenye karatasi. Msahafu wa Madina, ule ulioandikwa kwa khati (mwandiko wa mkono) ya Uthman Taha, una kurasa 604, kila ukurasa mistari 15 isipokuwa mbili za mwanzo, na kila ukurasa unakomea mwisho wa aya. Juzuu moja ni kurasa 20, isipokuwa ya kwanza yenye 21 na ya mwisho yenye 23. Kurasa 4 mara sala 5 ni kurasa 20, yaani juzuu moja kwa siku. Mimi niliongeza ukurasa mmoja baada ya Alfajiri ili ziwe 21, maana mwezi ukiandama siku ya 29 anayesoma 20 kwa siku atabakiwa na kurasa 24 mkononi. Kwa 21 unamaliza hata mwezi ukiwa pungufu.

Sasa bidhaa yenyewe. Kijitabu kimoja kina ukubwa wa kiganja na nusu, na wembamba wake ni wa daftari la shule. Jalada ni la karatasi nene iliyopakwa plastiki, la kijani. Mpangilio wa ndani ni huohuo wa Madina, ukurasa kwa ukurasa, na jambo lililonifurahisha ni kwamba namba za kurasa hazianzi upya katika kila kijitabu. Juzuu ya 2 inaanzia ukurasa wa 22, na ya 30 inaanzia 582. Kwa hiyo ukiwa umeshika juzuu mkononi na mwenzio ana msahafu mzima, mkitajiana ukurasa mnakutana palepale. Aliyehifadhi kwa msahafu wa Madina hatapotea, aya ziko mahali alipozizoea, juu kulia au chini kushoto.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaingia mkobani. Nilishona kimfuko cha kitambaa safi chenye kifungo, ili juzuu isigusane na funguo na vikorokoro vingine, nikawa natoka nyumbani na juzuu ya siku hiyo tu. Msahafu mzima nilikuwa naogopa kuubeba. Mzito, na nikihofia kuuweka mahali pasipostahili. Juzuu moja naibeba kifuani kama barua. Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia: kijitabu chembamba kinaonyesha mwisho wake. Ukiwa na msahafu wa kurasa 604, kurasa 4 zinaonekana kama tone baharini. Ukiwa na kijitabu cha kurasa 20, ukisoma 5 baada ya Alfajiri umekwisha kula robo yake, unaiona kwa macho na unaigusa kwa kidole. Mchana mzima moyo unakuambia, kile kijitabu kimebaki nusu.

Fungu la Alfajiri ndilo lililonenepa kuliko yote. Nilikuwa na tabia ya kula daku, kusali, na kurudi kitandani nikiwa mzito. Mwaka huu nilibaki kwenye mswala. Kurasa 5 kwa usomaji wangu wa polepole ni kama dakika 20. Nikimaliza bado kuna giza la bluu dirishani, basi nakaa na nyiradi (dhikri) za asubuhi mpaka jua litoke na kupanda kidogo, nasali rakaa mbili, ndipo naamsha watoto. Sikujua kwamba nyumba yangu ina utulivu wa namna ile. Kwa miaka yote hiyo ulikuwa unapita nikiwa nimelala.

Adhuhuri nilikuwa kazini. Hapa niseme wazi, kwa sababu najua wapo watakaouliza: sikusoma ndani ya saa za mwajiri. Muda wa kazi ni amana, na sidhani kama kurasa 4 zilizoibwa zina baraka. Mapumziko ya mchana watu wengine huenda kula. Mimi sina cha kula, kwa hiyo muda ule wote ni wangu. Nasali, nageuza kiti kitazame ukuta, natoa kimfuko changu.

Siku ya pili ya mfungo, katika mapumziko hayohayo, nilifika ukurasa wa 28. Ndio ukurasa wenye aya za saumu za Suratul Baqara. Nimezisikia maisha yangu yote, kila mhadhiri huanza nazo. Lakini safari hii nilikuwa nasoma kurasa 4 tu na sikuwa na haraka ya kufika popote, na nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yanakipita. Aya ya 185 inataja Ramadhani na kuteremshwa kwa Qur'ani. Aya ya 187 inarudi kwenye hukumu za usiku wa saumu. Katikati yake, aya ya 186, hamna neno la kufunga wala kufungua: Mwenyezi Mungu anasema kwamba waja wake wakimuuliza Mtume habari zake, basi Yeye yu karibu, anaitika maombi ya mwombaji anapomwomba. Na ukurasa unakomea hapo. Nikakifunga kijitabu kidole kikiwa ndani, nikaomba. Niliomba mambo ambayo sikuwa nimeyasema kwa miaka. Kurasa mbili zilizobaki nilizisoma jioni.

Alasiri sina mengi. Niko njiani, mume wangu anaendesha, nasoma nikiwa nimekaa nyuma na watoto. Mwendo ukiwa wa kurukaruka kichwa kinaniuma, basi nafunga na kuleta istighfari, kuomba msamaha wa Mungu, mpaka tufike.

Saa ile ya kabla ya Magharibi ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Wanawake mnanielewa. Ndiyo saa ya dua na ndiyo saa ya jiko. Siku tatu za mwanzo nilijaribu kuweka juzuu juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, jikoni nikawa nasoma huku nakoroga, nikaona tone la mafuta limerukia pembeni mwa jalada, nikajilaumu sana. Kuanzia hapo msahafu haukuingia jikoni. Badala yake nilianza kupika mapema na kupunguza aina za vyakula, watoto hawakulalamika hata siku moja, na dakika 15 za mwisho tukawa tunakaa wote chini tukisubiri adhana kimya kimya. Kurasa 4 za Magharibi nilizisoma kati ya sala na adhana ya Isha, na za Isha nilizisoma baada ya tarawehe. Nne tu, si saa nzima. Mtu aliyechoka anaziweza kurasa nne.

Kwa mama ndipo nilipoona upungufu wa kwanza. Mama yangu ana maumivu ya viganja, msahafu mkubwa wa herufi nene hawezi tena kuushika kwa muda. Nilimpa juzuu ya kwanza nikiwa na hakika kwamba nimemletea dawa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaisogeza tena mbali. Kisha akasema, "Mwanangu, ule mkubwa umenishinda mikono, huu umenishinda macho." Herufi zake ni za ukurasa wa kawaida uliopunguzwa, na irabu zimekuwa ndogo mno, fat-ha na kasra zinakaribia kuwa vumbi. Mwenye macho mazuri hatapata shida. Wa umri wa mama atapata. Kuna seti zenye vijitabu vikubwa zaidi, na kama unamnunulia mzee, chukua hizo hata kama kasha litakuwa zito, kwa sababu atakachoshika ni kijitabu kimoja tu.

Ila mama hakuirudisha seti. Aliomba juzuu ya 29, inayoanzia Tabaraka, yaani Suratul Mulk. Sura zile nyingi anazo kifuani tangu utotoni, na kijitabu alikitaka cha kumshikia njia tu, atazame neno la kwanza la aya kisha aendelee mwenyewe. Kila baada ya Adhuhuri alikuwa anaisoma kitandani mwake, sauti ya chini, na mimi kazini nikijua kwamba saa ileile tuko wawili.

Niseme na hili, kwa sababu wanaoeleza ratiba za kukhitimu aghalabu hawalitaji. Mwezi ulitimia siku 30, na mimi siku 7 nilikuwa katika ada yangu, sisali wala sifungi. Msahafu sikuugusa. Wanazuoni wana kauli zao kuhusu kusoma kwa mwenye hedhi bila kushika, na kila mmoja na afuate anayemwamini; mimi nilichagua kusikiliza. Nyakati zilezile za sala nilivaa vipokea sauti, nikasikiliza kurasa 4 za fungu langu, na usiku nikasoma maana yake kwa Kiswahili kwenye simu. Ile simu iliyokuwa inanimalizia wakati ikanisaidia kwa mara ya kwanza. Siku 23 mara kurasa 21 ni kurasa 483, yaani ningeishia juzuu ya 24. Katika siku kumi za mwisho niliongeza kurasa za usiku, nikafika mwisho wa juzuu ya 26. Sikukhitimu ndani ya Ramadhani. Zamani ningejiona nimeshindwa tena, lakini safari hii kila siku niliyokuwa na twahara nilisoma, hakuna hata moja niliyoiruka.

Malalamiko sasa.

Seti ilinifikia ikiwa na juzuu ya 23 mbili na ya 24 hamna. Majalada yanafanana, na nisingegundua kama mwanangu asingezipanga sakafuni juu ya kanga kuzihesabu. Muuzaji alinijibu kwa adabu lakini alichukua siku 12 kunitumia iliyokosekana. Nilikuwa nimeagiza mapema, haikuniathiri. Mwenye kuagiza usiku wa mwandamo ingemharibia. Kwa hiyo ukipokea, usihesabu majalada tu. Fungua kila kijitabu utazame namba ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Namba ya juzuu imeandikwa kwenye jalada la mbele peke yake. Mgongo ni mwembamba, hauna maandishi, na ndani ya kasha unachokiona ni migongo 30 ya kijani. Kila asubuhi, kwenye mwanga hafifu, natoa hii, siyo, narudisha, natoa ile. Nilikata vipande vidogo vya karatasi nikaviandika namba na kuvichomeka juu ya kila juzuu kama ndimi. Mchapishaji angeweza kufanya hivyo kwa rangi tu. Na kasha lenyewe limebana: vikishatumika vijitabu vinavimba kidogo, basi cha 30 hakiingii bila kukilazimisha.

Lakini kilichoniumiza ni pini. Vijitabu hivi havikushonwa kwa uzi, vimebanwa kwa pini mbili katikati. Wiki ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, mama ndani kwa daktari, nimefungua juzuu ya 18 hapo katikati. Karatasi ya kati ikaachia. Niliiona ikitoka taratibu, nikanyoosha mkono, ikaniteleza kwenye vidole ikaenda sakafuni, mahali wanapopita watu kwa viatu. Niliiokota kabla haijakanyagwa. Nilitetemeka mikono. Kijana aliyekaa pembeni akasema, "Pole, mama," akanisaidia kuupata ukurasa wake. Nyumbani niliitazama ile pini, nikaona imekula karatasi pande zote mbili kwa sababu karatasi ni nyembamba. Niliishona kwa sindano na uzi mweupe, nikazishona na nyingine zote 29 jioni mbili mfululizo, kwa udhu, kijana wangu akinipa mwanga wa tochi. Anayechapa Qur'ani kwa ajili ya kubebwa kila siku anajua kwamba itafunguliwa na kufungwa mara nyingi. Uzi ulikuwa haki yake.

Alama za sijda za kisomo, za aya ambazo msomaji akizifikia husujudu, zipo zote 15 pembeni, ila wino wake ni mwepesi. Niliipita moja ya Suratul Hajj ukurasa mzima kabla sijashtuka.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, iliyoshonwa. Kama unayo nafasi ya kukaa saa mbili kwa siku na msahafu wako, huna haja nayo, baki na ulio nao. Kama siku yako imekatikakatika kama yangu, basi nakwambia kwa moyo safi, hakuna nilichokinunua miaka ya karibuni kilichonisaidia zaidi. Na kama nyumba yenu ina watu wengi, faida yake ni maradufu. Ibn Abbas, swahaba wa Mtume, amepokea kwamba malaika Jibril alikuwa akimjia Mtume (s.a.w.) kila usiku wa Ramadhani, wakidurusiana Qur'ani. Wawili, mmoja akimsomea mwenzake. Msahafu mmoja mkubwa kwetu ulikuwa wa aliyeuwahi. Juzuu 30 zilitawanyika nyumba nzima: mume wangu ana ya kwake, binti mdogo anataka na yeye ya kushika japo anasoma herufi tu, na usiku wa 27 tuligawana juzuu sita kati yetu, tukasoma chumba kimoja, kila mtu kwa sauti yake.

Kasha sasa lina vijitabu 28. Ya 27 na ya 28 nimeshazimaliza, nikisoma kati ya zile siku sita za saumu ya sunna za Shawwal. Zimebaki mbili kukhitimu, na zote mbili ziko mikononi mwa watu. Ya 30 imo kwenye mkoba wa madrasa wa kijana wangu, anahifadhi, amefika Al-Buruji na amenisihi nisimwambie airudishe kwanza. Ya 29 iko kwenye kimeza kando ya kitanda cha mama. Leo baada ya Alasiri nitaketi naye, yeye asome kwa moyo, mimi nifuate kwa kidole.